Nyakarenzo: Chupa Tano Mezani kwa Mzee

Nimekulia Kagera, ambako rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni kinywaji cha posa, cha msiba na cha kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Tangu utotoni nimewaona watu wakiinywa, wakiisifu na wakiilalamikia. Sikuwahi kumwona mtu akiiweka mezani, chupa kando ya chupa, na kuuliza kwa utulivu hii inaizidi ile kwa lipi. Rafiki yangu wa kazini, mzaliwa wa Nyakarenzo, ndiye aliyenieleza kwamba baba yake hufanya hivyo kila anapokamua ndizi zake. Nyakarenzo ni sekta ya wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini magharibi ya Rwanda, sehemu ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Rafiki yangu alipopata likizo akaniambia, "Twende ukaonje mwenyewe." Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa Rusumo. Nikafunga mkoba.

Tuliondoka Bukoba alfajiri kwa basi, tukapita Biharamulo na Lusahunga, tukaingia barabara ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali. Baada ya Benaco barabara inaelekea mto Kagera, na hapo Rusumo maji yanaporomoka kwenye mwamba kabla ya kuendelea na safari ndefu ya kwenda Ziwa Victoria. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvukia hapa. Siku hizi Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wa mradi wa megawati 80 uliojengwa kwenye maporomoko hayo hayo. Ukaguzi wa Tanzania na Rwanda unafanyika mahali pamoja, kwa hiyo karatasi zetu zilimalizika upesi. Upande wa pili magari yanapita kulia na saa inarudishwa nyuma kwa saa moja. Jambo lililonigusa ni kwamba migomba haikubadilika. Vilima vya Kirehe na Ngoma vimefunikwa na majani yale yale niliyoyaacha nyumbani.

Tulilala Kigali, na asubuhi tukapanda basi la Kamembe katika kituo cha Nyabugogo. Njia ni ndefu na nzuri: Muhanga, Nyanza, Huye, Nyamagabe, kisha msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Barabara inapinda ndani ya ukungu, mbega wanakaa juu ya matawi bila kujali mabasi, na abiria wanafunga madirisha kwa baridi. Mgongo wa milima ya Nyungwe ndio unaogawa maji ya Afrika: mito ya upande mmoja inakwenda Nile, ya upande mwingine inakwenda Kongo. Ukitoka msituni unapokelewa na mashamba ya chai ya Gisakura, na baada ya kona nyingi Ziwa Kivu linajitokeza upande wa kulia, likiwa na visiwa na ghuba zake.

Kamembe ni mji wa Waswahili kwa maana ya lugha. Ng'ambo ya maji ni Bukavu ya Kongo, na biashara ya miji hii miwili imeendeshwa kwa Kiswahili muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Sokoni nilinunua sukari na majani ya chai ya kupeleka ugenini, na mama aliyeniuzia aliposikia lafudhi yangu alisema, "Munatoka Tanzania? Karibuni sana." Kutoka hapo tulichukua pikipiki, kila abiria na kofia yake ngumu, tukaanza kuvipanda na kuviteremka vilima vya Nyakarenzo. Kahawa, mihogo, maharage, na juu ya vyote migomba. Ukisimama kileleni unaiona milima ya Kongo upande wa magharibi, na katikati ni bonde la mto Rusizi, unaoyatoa maji ya Kivu na kuyapeleka Tanganyika.

Mzee alitupokea uani. Ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa lenye watoto wengi. Alimkumbatia mwanawe, kisha akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. Mama mwenye nyumba alituletea maji ya kunawa na mihogo ya kuchemsha. Ndipo Mzee alipoleta chupa ya urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, akaifungua mbele ya macho yetu, akamimina kidogo kwenye glasi yake na kunywa kabla ya kutugawia. Wanyarwanda huita kitendo hicho gusogongera. Mwenye nyumba hutangulia kuonja ili mgeni aone kwamba anachopewa ni salama na kwamba mwenyeji hamfichi kitu. Nilikunywa kwa heshima hiyo, na nilielewa tangu wakati huo kwamba hapa kinywaji kinakwenda pamoja na jina la mtu aliyekitengeneza.

Kesho yake tuliingia shambani. Mzee ana aina tatu za ndizi za pombe, na alinionyesha kila moja kwa kuigusa shina. Intuntu ni ya kale, ya ukoo mmoja na ndizi za kupika za nyanda zetu za juu, ila ina ukakasi mkali unaokausha kinywa, ndiyo maana haipikwi. Gisubi na kayinja zilifika baadaye kutoka Asia. Hizo zina sukari nyingi, hazichagui udongo, na mkungu wake unatoa juisi tele. Kwa sababu hiyo kayinja imeenea Uganda, Rwanda, Burundi na kwetu Kagera, na wakulima wengi wameiacha intuntu ipotee. Mzee hakubali. "Kayinja inakujazia chombo," aliniambia. "Lakini intuntu ndiyo inayokupa ladha ya kukumbuka."

Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado kijani, kisha huvundikwa. Nyuma ya nyumba kuna shimo wanaloliita urwina. Linapashwa moto kwanza, linasafishwa, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa ndani, zinafunikwa kwa majani mengine, halafu udongo juu. Joto lililobakia chini linaziivisha kwa pamoja ndani ya siku chache, zaidi kidogo wakati wa baridi. Hapa ndipo kazi ya kwanza ya ustadi ilipo. Ndizi isiyoiva sawasawa haitoi juisi, na iliyopitiliza inatoa juisi nzito yenye matope. Mzee alikuwa amefungua shimo moja siku ile. Alibonyeza ndizi kwa kidole gumba, akainusa, akaimenya na kunipa nusu. Ilikuwa tamu sana, na ndani ya utamu wake kulikuwa na moshi kwa mbali.

Kukamua kulifanyika kwenye umuvure, chombo kirefu cha mti uliochongwa ndani. Kwetu Kagera wanaume huingia chomboni na kukanyaga kwa miguu. Nyumbani kwa Mzee wanakanda kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, pamoja na nyasi ngumu waziitazo ishinge. Nyasi hizo zina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Ndizi ikikandwa peke yake inakuwa uji usiokamulika. Nyasi zinakwaruza ute, na baada ya muda wa kukanda kwa nguvu, nyama ya ndizi inajitenga na maji yake ghafla. Unaona kabisa jinsi juisi inavyotoka, safi na ya rangi ya dhahabu. Niliomba nami nikande, na viganja viliwaka moto kabla juisi haijatokea. Mama alichuja juisi hiyo kwa nyasi zile zile na kuwapa watoto wa jirani kikombe kimoja kimoja. Ni umutobe, haujachacha, na ni haki ya watoto wote waliosogea karibu.

Baadaye maji yanaongezwa kwa kipimo, halafu unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama ndio unaoleta chachu na rangi, na unaacha harufu ya nafaka iliyoungua kidogo. Wachaga wa Kilimanjaro katika mbege yao hutumia ulezi, na ndizi huchemshwa, kisha gome la msesewe huongeza uchungu. Hapa ndizi haipikwi. Chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto, na baada ya siku mbili au tatu kinywaji kiko tayari.

Kilichonivutia kuliko hayo yote ni daftari. Mzee ana daftari la shule, la mistari, lenye jalada la bluu, na humo ameandika kila alichokamua kwa miaka mingi. Aina ya ndizi, sehemu ya shamba, siku zilizokaa shimoni, kiasi cha maji, kiasi cha mtama, hali ya hewa, na mwisho kabisa hukumu ya waliokunywa. Kila chupa anabandika kipande cha karatasi chenye namba inayolingana na ukurasa. Chupa zenyewe ni za bia za sentilita 72, zimeoshwa kwa maji ya moto na kufungwa kwa jani la mgomba lililosokotwa. Nilimwuliza kwa nini asitumie kizibo cha kubana. Alinieleza kwamba pombe hii inaendelea kuchacha ndani ya chupa na hewa yake lazima ipate pa kutokea, la sivyo chupa hupasuka.

Jioni iliyofuata ndipo Mzee alipoita watu. Alikuja jirani mmoja ambaye ni fundi ujenzi, na dada wa Mama aliyekaa Bukavu miaka mingi. Pamoja na rafiki yangu, mimi na wenye nyumba, tulikuwa sita mezani. Mama alikuwa amekaanga isambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Samaki hao hawakuwako Kivu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo ni chakula cha kila nyumba kando ya ziwa. Mbele yetu palikuwa na chupa nne za urwagwa, na ya tano iliyonishangaza: chupa ya mvinyo wa port kutoka Ureno, ambayo binti wa Mzee anayeishi Brussels aliileta alipokuja kwa Krismasi. Mzee alikuwa ameihifadhi makusudi asubiri siku ya kuilinganisha.

Taratibu zilikuwa chache na zilifuatwa. Glasi ndogo zinazofanana. Maji ya kusukutua kinywa kati ya chupa na chupa. Kuanzia nyepesi kwenda nzito. Kutazama rangi kwenye mwanga wa taa, kunusa, kunywa funda dogo, kukaa kimya kwanza, ndipo kusema. Na hakuna kusema "nzuri" au "mbaya" bila kutoa sababu. Mwalimu hakustaafu kabisa.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya kayinja, iliyotiwa maji karibu nusu kwa nusu, siku ya pili tangu ichache. Rangi yake kahawia hafifu, yenye ukungu, na povu lililokuwa likitoweka taratibu. Ilinukia ndizi mbivu na mtama. Mdomoni ilianza kwa utamu, ikafuatiwa na gesi nyepesi inayochezea ulimi, kisha ikaondoka bila kuacha uzito. Ukiinywa na isambaza zenye chumvi na pilipili, unataka kuongeza samaki na unataka kuongeza kinywaji. Fundi alisema hiyo ndiyo ya mtu anayetoka kazini, na sote tulikubali.

Ya pili ilitengenezwa kwenye umuvure ule ule na kwa aina ile ile ya ndizi, ila ilikuwa na siku tatu zaidi. Hapa nilijifunza jambo ambalo kwa miaka yote ya kuwa karibu na rubisi sikuwa nimelitazama. Sukari ilikuwa imeliwa karibu yote. Utamu umekwenda, umebaki ukali wa kileo na uchachu wa limau uliokaza mashavu. Harufu ya ndizi ilikuwa imerudi nyuma na ya mtama imesogea mbele. Dada wa Mama aliipenda hiyo kuliko ya kwanza. Alisema inamkumbusha kasiksi ya Bukavu, ambayo wanywaji wake wa kweli huiacha ikauke kabla hawajaigusa. Kumbe watu wawili wanaweza kubishana juu ya pombe moja na wote wakawa na haki, kwa sababu mmoja aliinywa Jumatatu na mwingine Alhamisi.

Chupa ya tatu ilikuwa isongo, yaani urwagwa usiotiwa maji, tena wa intuntu tupu. Rangi yake nzito, karibu na ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Moshi wa shimo ulisikika kabla ya glasi kufika puani. Ilijaza kinywa chote, ikawa tamu kwanza, halafu ukakasi wa intuntu ukakamata pande za ulimi na kubaki hapo muda mrefu. Ni kinywaji kisichombembeleza mtu. Mama ndiye aliyeisifu kuliko wote. Alisema baba yake alikuwa akimkaribisha nayo mtu aliyetaka kumheshimu, na alipoiweka glasi chini aliongeza, "Hii ukiikunywa, unajua umekunywa ndizi."

Ya nne ni inkangaza. Hiyo ni urwagwa wenye nguvu ulioongezwa asali, na tangu zamani imekuwa kinywaji cha wakubwa na cha wakwe. Asali ya Mzee inatoka kwa wafugaji wa nyuki wa pembezoni mwa Nyungwe, nyeusi na yenye harufu ya maua ya msituni. Alikuwa ameitia siku chache kabla. Asali katika inkangaza inafanya kazi mbili: sehemu yake inabaki na kuleta utamu, sehemu nyingine inaliwa na chachu na kuongeza kileo. Nilipoinywa, meza nzima ilinyamaza, nami nilinyamaza nayo. Uchachu wa ndizi ulikuwepo, ukakasi ulikuwepo, moshi ulikuwepo, ila asali iliviunganisha vyote na kuvitengeneza kuwa kitu kimoja kilichotulia. Joto lilishuka kifuani polepole. Sijawahi kunywa kitu cha nchi zetu kilichonipa heshima kiasi kile.

Ndipo Mzee alipofungua port. Ilikuwa ya aina iitwayo tawny, iliyokaa kwenye mapipa kwa miaka 10. Binti yake alikuwa amemwandikia maelezo kwenye karatasi, naye alitusomea, mengine akiyaongeza kutoka vitabuni mwake. Mvinyo huu unatoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka 1756 wakati wa utawala wa waziri Pombal, ili mtu asichukue zabibu za kwingine na kuziuza kwa jina la port. Zabibu huvunwa kwenye miteremko mikali iliyokatwa matuta, na katika nyumba nyingine hadi leo hukanyagwa kwa miguu ndani ya mahodhi ya mawe. Nilipolisikia hilo niliwaona wajomba zangu wa Kagera ndani ya chombo cha rubisi, mikono mabegani mwa wenzao, wakiimba.

Juisi inapokuwa imechacha kwa siku chache tu na sukari yake ingali nyingi, Wareno wanamimina ndani yake spiriti ya zabibu yenye kileo cha takriban asilimia 77. Chachu inakufa, utamu unabaki, na mvinyo unafikia kileo cha kama asilimia 20. Halafu unawekwa kwenye mapipa, hasa katika maghala ya Vila Nova de Gaia, mkabala na mji wa Porto, na huko unakaa miaka. Ule wa tawny, kwa kupumua kidogo kidogo kupitia mbao, wekundu wake unafifia kuwa kahawia na ladha yake inaelekea kwenye matunda makavu na karanga za kuokwa.

Tulionja. Rangi ilikuwa safi kabisa, unaweza kuona vidole vya mtu upande wa pili wa glasi. Harufu ya zabibu kavu, ganda la chungwa na mbao. Utamu mzito, kileo chenye nguvu, na ladha iliyodumu baada ya kumeza. Fundi alitafakari, akasema, "Hii ni ya kunywa kidogo, tena baada ya chakula." Alikuwa amesema sawasawa na desturi ya wenyewe Wareno bila kuambiwa na mtu.

Tulirudi kwenye inkangaza, kisha port tena, kisha inkangaza. Hapo mazungumzo yalinoga. Vinywaji vyote viwili vinatafuta jambo moja: kuupata utamu na nguvu katika funda moja. Mreno analipata kwa kuizuia chachu isimalize kazi. Mnyarwanda analipata kwa kuiongezea chachu chakula kisichokwisha upesi. Mreno anataka mvinyo usimame, aufungie na kuuacha mpaka wajukuu wazaliwe. Inkangaza haisimami, inasogea kila siku, na mtengenezaji anachagua siku ya kuikata safari yake kwa kuinywa. Port inaweza kusafiri ikafika Nyakarenzo ikiwa nzima. Urwagwa wa Nyakarenzo hauwezi kufika Porto ukiwa ule ule. Anayeutaka lazima aufuate, na ndiyo sababu nilifurahi kwamba nilipanda mabasi yale.

Mzee aliandika hukumu zetu daftarini. Mama alishikilia isongo, dada yake chupa ya pili, fundi na rafiki yangu ya kwanza kwa sababu ya samaki. Mzee mwenyewe aliipa port heshima zote kwa usafi wake na kwa uvumilivu wa watu walioingoja miaka 10. Mimi nilisema, na ninasema tena hapa, kwamba inkangaza ya asali ya msituni inakaa meza moja na port bila kuinamisha kichwa. Port inaishinda kwa kudumu na kwa unyoofu wa ladha. Inkangaza inaishinda kwa wingi wa vitu vinavyosikika kinywani na kwa uhai wake.

Siku zilizobaki tulizitumia kutembea na kuzungumza na majirani, na hapo niliona hatari zinazoukabili urwagwa mzuri. Ya kwanza iko shambani. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ambao Wanyarwanda huuita kirabiranya, uligunduliwa Uganda mwaka 2001, ukasambaa hadi Rwanda na mashariki ya Kongo, na Kagera ukaonekana mwaka 2006. Kayinja ndiyo inayoumia kuliko nyingine, kwa kuwa wadudu hubeba bakteria hadi kwenye ua lake la dume. Dawa ya kunyunyizia haipo. Mkulima anatakiwa aliondoe ua la dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, asafishe vifaa kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu, na kuung'oa mgomba ulioambukizwa. Mzee alipoteza pembe nzima ya shamba lake, na anaipanda upya akianza na intuntu.

Hatari ya pili iko madukani na vilabuni. Kuna pombe zinazoitwa ibikwangari, zilizochanganywa sukari, hamira na vitu ambavyo muuzaji hawezi kuvitaja mchana. Zinauzwa rahisi, zinalewesha haraka, na zinachafua jina la urwagwa wa kweli. Pia kuna kanyanga, pombe ya kukeneka kwa moto, ambayo Rwanda imeipiga marufuku, na kwetu dada yake gongo imeua na kupofusha watu. Serikali ya Rwanda imebana pia viwanda vidogo visivyofuata viwango, na imepiga vita desturi ya watu wengi kunywa kwa mrija mmoja. Mzee anaunga mkono hatua hizo kwa moyo wote. Kwake kila mtu na glasi yake, chombo kinaoshwa, na anayefika amelewa hapewi.

Hatari ya tatu ni sisi wenyewe. Tunamheshimu mtu anayeweza kutaja bonde la zabibu la Ufaransa, na hatumwulizi mama yetu ndizi aliyokamua ni ya aina gani. Arusha kuna kiwanda kinachotengeneza mvinyo wa ndizi na kuuweka kwenye chupa za kudumu, na ni jambo la kujivunia. Lakini kiwanda kinatafuta ladha moja isiyobadilika, na hivyo ndivyo inavyopasa kiwanda kufanya. Kazi ya kutunza tofauti, intuntu na kayinja, kilima hiki na kile, siku ya pili na ya tano, inabaki kwa wazee wenye madaftari, nao ni wachache.

Nilipoaga, Mzee alinipa glasi ya mwisho ya inkangaza kwa desturi ya kumsindikiza mgeni, na Mama akanifungia machipukizi ya intuntu. Nilimshukuru na kumwomba ayatunze yeye, kwa sababu mimea haivushwi mpaka bila kibali cha afya ya mimea, na kirabiranya kimesafiri mara nyingi kwa njia ya zawadi za namna hiyo. Alikubali mara moja, akayarudisha kwenye udongo wake.

Msomaji wa Bukoba, wa Moshi, wa Kamembe au wa Bukavu, nakuomba ufanye jambo dogo. Safari hii ukienda nyumbani, tafuta mtengenezaji anayejulikana kwa jina, umwombe chupa mbili au tatu za ndizi tofauti au za siku tofauti. Ziweke mezani pamoja na chakula, alika watu wazima wachache, kunyweni kidogo kidogo na kila mmoja atoe sababu ya anachosema. Kisha andika: aina ya ndizi, kilima, siku ya kukamua, jina la aliyekamua. Wareno walianza kuulinda mvinyo wao kwa kuandika unatoka wapi na umetengenezwaje. Sisi tuna ndizi, tuna mafundi, na daftari linauzwa katika kila duka la kijiji.